Tulioshiriki mbio Japani hatukwenda kuokota yeni

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kwa miaka mingi bila kukuandikia, hata pale nilipoona habari za riadha zimeandikwa kombo. Taarifa yenu ya ukurasa wa michezo kuhusu vijana wetu wanaosajiliwa na timu za makampuni ya Japani imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alisema kwamba sisi tuliotangulia huko “tulikwenda kuokota yeni” na kwamba vipaji vyetu “vilizikwa katika mbio zisizojulikana na mtu”. Taarifa nzima haina sauti ya hata mmoja wetu, ilhali hapa Nyahururu peke yake angetupata bila taabu.

Kumbukumbu za Olimpiki ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Hadi michezo ya Beijing ya mwaka 2008, kila medali ambayo mwanamume wa Kenya alikuwa ameipata katika marathoni ya Olimpiki ililetwa na mtu aliyekomaa kimichezo Japani: fedha ya Douglas Wakiihuri mjini Seoul mwaka 1988, shaba ya Eric Wainaina Atlanta mwaka 1996 na fedha yake Sydney mwaka 2000, kisha dhahabu ya Samuel Wanjiru, aliyekimbia kwa saa 2:06:32 na kuweka rekodi mpya ya Olimpiki. Wanjiru alipelekwa Sendai, mji wa Japani, akiwa mwanafunzi wa shule, na baadaye, katika timu ya kampuni, alifunzwa na Koichi Morishita, mshindi wa fedha wa marathoni ya Barcelona ya mwaka 1992. Hivyo ndivyo vipaji tulivyoambiwa vilizikwa.

Na hizo mbio zisizojulikana na mtu ni ekideni, mbio za kupokezana za barabarani ambazo Wajapani huzitazama kwa mamilioni kila Mwaka Mpya. Tarehe 1 Januari timu za makampuni hukimbia kilomita 100 katika mkoa wa Gunma, na siku mbili zinazofuata ni zamu ya vyuo vikuu, kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi. Wakimbiaji hawapokezani kijiti bali tasuki, mshipi wa kitambaa unaovaliwa begani, ambao humfikia mtu ukiwa umelowa jasho la wote waliomtangulia. Timu ikichelewa kupita muda uliowekwa, mkimbiaji wa kipande kinachofuata huanzishwa bila kuusubiri mshipi huo, na kwa wenyeji hilo ni zito kuliko kushika mkia. Mwaka mmoja niliupokea timu yetu ikiwa nyuma, nikawapita wakimbiaji kadhaa, nikaukabidhi nikiamini kwamba tumenusurika. Baadaye misuli ya paja ilimkaza kijana wetu mmoja, akawa anachechemea na kusimama, na alipofika kituoni mwenzake alikuwa ameshaondoka. Usiku ule alipita bwenini chumba kwa chumba akiomba radhi, na alipofika kwangu alipiga magoti mlangoni na kulia mpaka nami nikapiga magoti mbele yake, kwa kuwa sikuwa na maneno ya Kijapani ya kumtosha. Mwandishi wenu amemtukana kijana yule bila kumjua. Ametutukana pia sisi tuliotoka kwenda mazoezini kabla ya mapambazuko theluji ikiwa imetanda barabarani, tukaoga katika bafu moja na wenzetu, tukajifunza kuandika upya kama watoto wa darasa la kwanza, na wengine wetu tukashinda kiwandani au ofisini hadi adhuhuri kabla ya kufunga tena viatu vya mbio.

Kama alitaka kuandika jambo gumu kuhusu Japani, lipo. Katika ekideni ya Mwaka Mpya kila timu huruhusiwa mkimbiaji mmoja tu wa kigeni, naye kwa miaka mingi amefungiwa kipande kimoja kifupi. Timu ikisajili Wakenya wawili, hao wawili wanalala bweni moja, wanakula meza moja na kugombea nafasi moja, na anayeikosa huhesabiwa kuwa amepoteza msimu. Kijana anayetia saini leo haambiwi hilo, na taarifa yenu haikumwambia.

Wala haambiwi habari za pensheni, na hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Mshahara wa Japani hukatwa michango ya pensheni kila mwezi. Mgeni aliyechangia kwa miezi sita au zaidi, akiondoka nchini humo bila kufikia haki ya pensheni yenyewe, anaweza kudai malipo ya mkupuo, mradi apeleke ombi lake ndani ya miaka 2. Karibu sehemu moja ya tano hukatwa kama kodi, na kodi hiyo pia inaweza kudaiwa kupitia mwakilishi aliyeko huko. Mimi niliambiwa haya na mpishi wa bweni letu, mama mmoja mwenye huruma aliyenijazia fomu kwa mkono wake. Wakala aliyenipeleka hakuwahi kulitaja, na nawajua wenzangu waliorudi na majeraha, wakaja kusikia habari hiyo muda umeshapita. Hizo zilikuwa fedha za jasho lao, na zilipotea kwa sababu hakuna aliyeona inampasa kuwaambia.

Napendekeza kwamba kijana yeyote asitie saini mkataba wa Japani kabla haujasomwa kwa sauti, kurasa zote, kwa Kiswahili, mbele ya mzazi wake na mbele ya mkimbiaji mmoja mstaafu aliyeishi huko na asiyelipwa na wakala. Ndani ya jalada la pasipoti yake iwekwe kadi ngumu yenye anwani ya ofisi ya pensheni na muda wa mwisho wa kudai. Gazeti lenu nalo lichapishe kila tarehe 2 Januari matokeo ya ekideni ya makampuni, likitaja jina la kila Mkenya aliyekimbia, kipande chake na muda wake. Kwa usomaji wa mikataba niko tayari kuketi Jumamosi yoyote, bila malipo, na mwandishi wenu anakaribishwa kuja na daftari lake.

Mwanariadha mstaafu,
Nyahururu