Lenzi ndefu inawapotezea vijana wetu pesa

Kwa Mhariri,

Jumamosi moja ya mvua mwezi wa Aprili, mwana wa dada yangu alifanya kazi yake ya kwanza ya harusi katika kanisa moja la mabati upande wa Ahero. Saa tatu usiku alibisha mlangoni kwangu hapa Manyatta, kamera ameificha ndani ya jaketi isinyeshewe. "Mama mdogo, hebu niangalizie. Sijui nimekosea wapi."

Tuliketi mezani tukazipitia picha zote, moja baada ya nyingine. Ile ya pete ndiyo iliyoniuma. Mkono wa bwana harusi ulikuwa na vidole vinane, pete imegeuka mstari wa dhahabu, na uso wa bibi harusi umelainika kama sabuni iliyoachwa majini. Nilibonyeza nisome jinsi picha ilivyopigwa: urefu wa lenzi milimita 300, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, kasi ya sehemu ya 20 ya sekunde. Stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi na madirisha ya kanisa ni madogo. Familia ilimlipa nusu ya pesa walizopatana, na sikuona la kuwalaumu.

Nimepiga picha za harusi, mazishi na mahafali hapa Kisumu tangu mwaka 2013, na picha kama ile nimeletewa na vijana wengi. Kila mara chanzo ni kilekile: lenzi ya kwanza waliyouziwa. Huyu wangu aliendesha boda boda Kondele miezi minane ndipo akapata kamera ya mtumba na lenzi ndogo inayokuja nayo, ya 18-55, yaani unaivuta kutoka urefu wa milimita 18 hadi 55. Alipobakiwa na shilingi 17,000, alienda kwa muuzaji mmoja kuuliza aongeze nini. Muuzaji akamtolea 75-300, ya kuvuta vitu vya mbali, akamwambia kuwa lenzi ndefu ndiyo inayomwonyesha mteja kwamba umekuja kazini. Hakumuuliza kazi yenyewe ni ya wapi.

Kazi zetu huku ziko ndani ya kanisa, chini ya hema, sebuleni mwa watu, ukumbini jioni. Ziko mahali penye kiza. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza kuhusu lenzi ni tundu lake linafunguka kiasi gani, na namba ya f ndiyo inayojibu: ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua urefu wa lenzi uugawanye kwa namba hiyo. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho ni 55 kwa 5.6, unapata tundu la milimita 10 hivi, sawa na kifungo cha shati. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inakupa karibu milimita 28, inakaribia kifuniko cha soda. Mwanga unaoingia unakaribia mara kumi. Pale Ahero, ambako f ilikuwa 5.6 hiyohiyo, sehemu ya 20 ya sekunde ingekuwa sehemu ya 200, na kwa kasi hiyo mkono wa bwana harusi unatulia.

Lenzi ndefu nayo inaleta tatizo la pili. Inapoivuta sura karibu, inauvuta pia mtetemo wa mkono wako. Sisi tuliozoea tunashika kanuni kwamba ukipiga bila kuegemea kitu, namba ya kasi isiwe chini ya namba ya urefu wa lenzi. Ukiwa na 50 hutakiwi kushuka chini ya sehemu ya 50 ya sekunde, na kwa kamera hizi ndogo za wanaoanza, afadhali 80. Ukiwa na 300 unahitaji 300, hata 500. Basi mtoto huyu alikuwa na lenzi inayotaka mwanga mwingi zaidi huku yenyewe ikiingiza mchache. Hata mimi na miaka yangu yote nisingeipata ile pete.

Siichukii lenzi ndefu. Anayetaka ndege wa kwenye mafunjo ya Dunga, au heroe wa Ziwa Nakuru saa nne asubuhi jua likiwa wazi, hiyo ndiyo yake. Lakini wangapi kati ya vijana hawa wanaletewa kazi ya ndege?

Usiku ule nilimpa ile 50 yangu ya kwanza, Canon ya f/1.8 ya toleo la pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990. Niliinunua ikiwa ya mtumba kwa shilingi 7,500. Ni ya plastiki hadi pale inaposhikana na kamera, na ikitafuta fokasi inanguruma kama nyuki ndani ya mkebe. Imenisomeshea watoto wawili. Toleo lililoifuata mwaka 2015, lenye maandishi STM, ni tulivu zaidi, shingo yake ni ya chuma, na inakubali kukaribia kitu hadi sentimita 35 badala ya 45. Mwenye uwezo achukue hiyo. Asiye nao, ile ya zamani bado inapiga.

Nilimwonya pia kuhusu kuifungua lenzi hadi mwisho kila wakati. Kwenye f/1.8, ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka safi ni kama upana wa kiganja tu. Bwana akisimama mbele ya bibi hatua moja, mmoja wao ataharibika. Watu wawili nawapiga kwa f/2.8. Jamaa wote wakizunguka jeneza chini ya hema, naenda f/5.6 nikiongeza ISO, maana hakuna shangazi atakayenisamehe uso wake ukitoka na ukungu siku hiyo. (Na hema likiwa la buluu, watu wote watakuwa buluu. Waombe wasogee ukingoni kabla ya kupiga.)

Hata hivyo, 50 si jibu la kila mtu, na hapa ndipo vijana wanapokosea wakisikia ushauri nusu. Kamera nyingi za wanaoanza zina kihisi kidogo (kile kinachopokea picha ndani ya kamera), kwa hiyo 50 juu yake inaona finyu kama 80, au 75 kwa Nikon. Kwa uso wa mtu mmoja, ni nzuri sana. Ukiitwa Nyalenda kupiga mtoto anayetimiza mwaka, watu tisa kwenye sebule ya futi kumi kwa kumi, utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta na bado nusu ya familia iko nje. Mwenye Nikon na kazi za aina hiyo angefaa kutafuta 35 ya f/1.8 ya DX, alama ya lenzi za Nikon za kihisi hicho kidogo. Mwenye Canon kuna 24 ya f/2.8, nyembamba kama chapati, ingawa inaingiza mwanga mchache kuliko hizo nyingine.

Utajuaje ni ipi kabla hujatoa pesa? Lenzi yako ya 18-55 ina alama: 18, 24, 35, 55. Chukua seloteipu, uifunge kwenye 35 isizunguke, upige wiki nzima hivyo. Ndugu zako, kuku, wauza samaki, chochote. Wiki ya pili uifunge kwenye 55, ambayo iko karibu na 50. Miguu yako itakuambia ni ipi uliyokuwa unaipigania. Zoezi hili halina gharama, na nasikitika kwamba hakuna muuzaji aliyewahi kumwambia mtoto wetu hata mmoja.

Wenye Nikon nawaonea huruma zaidi kwa sababu ya mtego mwingine. Kamera za D3000 na D5000 na wadogo zao wote hazina mota ya kusukuma lenzi. Ukinunua 50 iliyoandikwa AF-D kwa kuwa ni rahisi, itaingia vizuri, itapiga, ila haitajifokasi. Utazungusha kwa mkono huku bibi harusi anapita. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani.

Kuhusu mitumba, sisi wa kando ya ziwa tuna adui wetu. Unyevu huu unaotulainishia ngozi unazalisha kuvu ndani ya lenzi. Mwaka 2016 nilifungua begi nikakuta lenzi yangu imeota nyuzi kama utando wa buibui kati ya vioo, na fundi akaniambia kuisafisha ni bei ya nyingine. Kwa hiyo usilipe mpaka uwashe tochi ya simu, uimulike lenzi kutoka nyuma na uchungulie mbele kwa mshazari. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi, au madoa yenye matawi, mrudishie mwenyewe. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma unaharibu picha kuliko ule wa mbele. Ukishanunua, weka lenzi kwenye mkebe wa chakula wenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Mwana wa dada yangu alirudi kazini mwezi Juni, harusi nyingine, safari hii na ile ya plastiki. Kwa kuwa haivuti, ilibidi asogee, kwa hiyo Ijumaa alienda kumwomba mchungaji ruhusa ya kupiga magoti kando ya madhabahu. Alinitumia picha moja tu, jioni. Pete iko nusu ya kidole, na unaweza kuona mkunjo wa ngozi pale kwenye kiungo inapokwama.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila siku mnachapisha picha nzuri za wapiga picha wenu kutoka kaunti zote. Chini ya picha, baada ya jina la aliyeipiga, ongezeni mstari mmoja: lenzi, namba ya f, na kasi. Kijana wa Kondele atakayeona kwamba picha ya ukurasa wa kwanza imepigwa kwa 35 au kwa 50 atakuwa na la kumjibu muuzaji.

Mpiga picha wa Manyatta,
Kisumu