Na fundi saa wa Sydney mtajeni

Mhariri,

Makala yenu juu ya majengo ya kale ya Sydney nimeisoma mara mbili. Gavana Lachlan Macquarie mmemtaja tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho. Francis Greenway, aliyechora ramani ya kambi ya wafungwa ya Hyde Park, naye yumo, na anastahili: alifikishwa kule 1814 akiwa mfungwa wa kosa la kughushi, akasamehewa kabisa kambi ilipofunguliwa 1819, na baadaye sura yake ikawekwa kwenye noti ya dola 10 ya Australia. Picha yenu inaonyesha vizuri ile saa kubwa iliyo usoni pa jengo. Lakini fundi aliyepewa kazi ya kutengeneza saa ya pale, naye mfungwa vilevile, hamkumtaja hata mara moja. Anaitwa James Oatley.

Mimi ni fundi saa hapa Mombasa, huu mwaka wa 31, ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni. Nilikwenda Sydney kumtembelea binti yangu anayesoma huko, nikasimama mbele ya jengo lile la matofali mpaka shingo ikaniuma. Juu ya saa pameandikwa jina la Macquarie na mwaka 1817. La fundi hulioni ukiwa chini.

Oatley alihukumiwa kifungo cha maisha Uingereza mwaka 1814, akapakiwa kwenye meli ya wafungwa iitwayo Marquis of Wellington, akashuka Sydney Januari 1815. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, mwenye ujuzi mkononi. Waingereza walianza kuwapeleka wafungwa wao kule 1788, na mpaka walipoacha 1868 walikuwa wamevusha watu wapatao 162,000. Wengi walitiwa kwenye kuvunja mawe, kufyeka misitu na kufyatua matofali. Mtu anayejua saa alikuwa adimu, na Macquarie alilijua hilo. Alimfanya Oatley mtunzaji wa saa ya mji, kisha akampa kazi ya saa ya kambi.

Wasio wa kazi hii wanaweza kudhani saa ya mnara ni saa ya ukutani iliyokuzwa tu. Sivyo. Inaendeshwa na mawe mazito yanayoning'inia kwenye kamba, na lazima mtu apande kuyavuta juu kila yanapokaribia kufika chini. Timazi yake, ule ufito unaobembea ndani, hurefuka kwa joto, saa ikachelewa. Baridi ikija hufupika, saa ikakimbia. Kila jino la gurudumu likipinda kidogo, akrabu za nje zinadanganya mji mzima. Na ukikosa kifaa, hukimbilii duka la jirani: meli kutoka Uingereza ilikuwa safari ya miezi.

Kuna jambo lililonihuzunisha zaidi nilipokuwa mle ndani. Kabla ya kambi kujengwa, wafungwa wa serikali waliachiwa kazi alasiri, wakaenda kufanya vibarua vyao ili wapate hela ya kulipia malazi. Kambi ilipofunguliwa, mamia yao waliwekwa pamoja kwenye machela za kitambaa zilizofungwa safu kwa safu, wakawa wanaamka na kulala kwa kengele. Saa ya mfungwa mwenzao ndiyo iliyokata siku yao vipande. Sijui nani angeweza kuitengeneza kwa moyo mweupe, lakini aliitengeneza, na naamini aliitengeneza sawasawa, kwa sababu fundi hana namna nyingine ya kuifanya saa.

Mwaka 1821 alipewa msamaha wenye masharti: akawa huru, ila Uingereza harudi. Alifungua duka barabara ya George, akaunda saa ndefu za kusimama sebuleni, kabati zake zikiwa za mierezi ya Australia. Kadhaa zipo mpaka leo, na hizo zina jina lake usoni. 1833 alipewa ardhi kusini mwa mji, na kitongoji kilichopo hapo sasa kinaitwa Oatley. (Wenyeji wa asili wa nchi ile hawakuulizwa walipokuwa wakigawiwa wengine ardhi yao, na hilo nalo makala yenu imelipita haraka mno.) Alifariki 1839. Mwanawe, James kama yeye, alikuwa meya wa Sydney mwaka 1862.

Marehemu mwalimu wangu alinifundisha kwamba ukimaliza kuitengeneza saa ya mtu, unachukua ncha ya sindano na kuandika alama yako na tarehe upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma. Mwenye saa haoni. Anayeona ni fundi atakayeifungua baadaye. Nimepata kufungua saa moja ya mfukoni ikiwa na alama sita, ya mwisho ikiwa ya mwalimu wangu mwenyewe, kwa mwandiko wake ule wa kuinamia kushoto. Niliweka lenzi chini nikakaa kimya. Miaka kumi na minne mzee yule alikuwa akipanda ngazi kila Ijumaa kuitia ufunguo saa ya jengo moja la umma hapa pwani. Kibao cha ukutani kina jina la aliyeitoa sadaka na jina la aliyeizindua.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, toleo lijalo liweke mistari miwili chini ya picha ileile: kwamba saa ya kambi ya Hyde Park, 1819, ilikabidhiwa James Oatley, mfungwa, fundi saa. Hata mstari mmoja utatosha, ila jina liandikwe kamili.

Fundi saa,
Mombasa