Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetafuta MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata: "Mjomba, MBA nikasome chuo gani?" Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wenzako wengi wananiuliza hilo hilo, tena wengine wakiwa wameshalipa ada ya maombi.

Tuanze na kazi, chuo kitafuata. Tafuta matangazo ya nafasi unayoitamani miaka mitano ijayo, uyasome kwa utulivu, uone wanadai nini. Ukitaka kuwa mhasibu mkuu, utakuta wanaulizia CPA, ile sifa ya uhasibu inayotolewa na NBAA, bodi ya wahasibu, kabla ya MBA, na hiyo mtu anaifanya huku yuko kazini. Ukitaka mambo ya mitaji na hisa, zipo shahada za uzamili za fedha zinazochimba huko moja kwa moja. MBA inamfaa zaidi mtu anayetaka kutoka kwenye dawati lake akaongoze watu, bajeti na mauzo kwa pamoja. Kama nia yako ni umeneja wa tawi, haya, tuendelee.

Upo Mwanza, na hilo linaamua mengi. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, unayo hapo hapo Malimbe. Chuo Kikuu Huria, unakosoma ukiwa mbali, kingekuachia nafasi ya kazi, ila kinamtaka mtu wa kujisukuma mwenyewe, na wewe mpwa nakujua tangu shule. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina jina, lakini kwako maana yake ni kuhama au kuomba ruhusa ndefu. Popote utakapoangukia, hakikisha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanakitambua chuo chenyewe.

Vipeperushi vya vyuo vyote vinasifu vile vile, kwa hiyo usivitegemee. Watafute waliosoma pale, uwaulize jambo moja tu: tasnifu, ile ripoti ndefu ya utafiti, iliwachukua muda gani? Vyuo vyetu vingi hudai tasnifu baada ya masomo ya darasani, na hapo ndipo watu wanapokwama. Mitihani wamefaulu vizuri, halafu msimamizi hajibu barua pepe, kazini wanafunga mahesabu, pendekezo la utafiti linarudi na masahihisho kwa mara nyingine, mwaka unakatika na chuo kinadai ada ya kuendelea kusajiliwa. Nawajua watu wazima, wenye akili zao, ambao kwenye wasifu wao mpaka leo pameandikwa "MBA (anaendelea)".

Umeniuliza pia habari za Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza. Omba, hawatozi chochote. Wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na hiyo unayo. Unachagua kozi tatu za Uingereza, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani ukae miaka miwili. Kwa MBA wana kikomo cha ada wanayolipa. Inayozidi ni juu yako, kwa hiyo angalia bei kabla ya kupenda jina. Baadhi ya shule za nje zitakudai GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye shule za biashara. Siku hizi ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, insha hawaulizi tena, na matokeo yake yanadumu miaka mitano.

Sasa ile barua yako ya kueleza sababu za kuomba. Nimesoma ulivyoanza: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya biashara." Futa. Utotoni ulikuwa na shauku ya mpira. Andika habari ya wale akina mama wa dagaa pale Mwaloni Kirumba uliyonisimulia: benki yenu inadai marejesho ya mikopo kila tarehe ile ile ya mwezi, wakati dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi inakaa nchi kavu. Wewe ndiye uliyeomba ratiba zao zifuate mwezi wa angani. Eleza meneja wako alikataa nini, akakubali nini, na marejesho yakawaje baadaye. Takwimu unazo, ziweke.

Barua za mapendekezo mwombe mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama cheo chake ni kidogo. Mkurugenzi asiyekujua atakuandikia mistari minne ya "kijana mwadilifu."

Rasimu nitumie kabla hujaituma popote. Na mama yako usimwambie kwanza habari za Uingereza, maana Jumapili hiyo hiyo kanisa zima litajua.

Mjomba wako