Aliyeng'atwa na mbwa anahitaji sindano za aina mbili, siyo moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Msimu wa korosho unakaribia, na huku Newala familia nyingi zitahamia mashambani. Watoto wanaokota korosho wenyewe chini ya mikorosho, na mbwa asiyejulikana atokako akipita, wao ndio wa kwanza kukutana naye.

Msimu uliopita jirani yangu alinijia mbio na mjukuu wake, kang'atwa shavuni na kwenye kidole gumba. Watu wanajua nilikuwa muuguzi, wanaanzia kwangu kabla ya zahanati. Tayari mtu alishampaka majivu. Nilimkalisha kwenye benchi nikaomba sabuni ya mche na maji. Maji hapa kwetu ni ya kununua, na bibi yake alisita nilipoanza ndoo ya pili. Sikuacha. Kidonda cha mbwa kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kwa sababu sabuni inaharibu kirusi cha kichaa cha mbwa kikiwa bado juu juu.

Hospitali alichomwa chanjo. Nilipouliza sindano ya aina ya pili, ile ya imunoglobulini inayochomwa kwenye kidonda, nikajibiwa kwamba haipo. Mtoto mzima, Mungu ashukuriwe, lakini jibu lile sijalisahau.

Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupambana na kirusi, na kazi hiyo huchukua siku 7 hadi 14. Wakati huo kirusi kiko kwenye nyama ya kidonda kinatafuta mshipa wa fahamu. Kikishauingia kinapanda taratibu kuelekea kwenye ubongo, na humo ndani kingamwili za kwenye damu hazikifikii ipasavyo. Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa kidonda cha mguuni mara nyingi kuna muda. Cha usoni kiko jirani na ubongo, na vidole vimejaa mishipa ya fahamu.

Ndiyo maana ikawepo imunoglobulini: kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, zinazochomwa ndani na pembeni mwa kidonda siku ileile ya chanjo ya kwanza, au ikichelewa sana ndani ya siku 7. Zinakikamata kirusi palepale kilipo. Mwaka 1954 huko Irani mbwamwitu mmoja aling'ata watu 29 usiku mmoja. Kati ya watano walioumizwa kichwani wakapewa chanjo peke yake, walikufa watatu. Wenzao wa majeraha ya kichwani waliopewa chanjo pamoja na seramu yenye kingamwili walikuwa wengi zaidi, na alikufa mmoja tu. Ni zaidi ya miaka 70 sasa tangu jambo hili lijulikane!

Mbwa nao wachanjwe, maana wao ndio chanzo. Kati ya 2010 na 2015 mikoa ya kusini ilikuwa kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani, na naikumbuka foleni ile, watoto wanavuta mbwa kwa kamba za katani. Wakichanjwa 7 katika kila 10, ugonjwa unakosa pa kupita. Sasa mbwa wa wakati ule wamekufa, na waliozaliwa baadaye wengi hawajachanjwa.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na halmashauri zetu: kabla ya Oktoba, imunoglobulini iwekwe kwenye hospitali za wilaya za Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea, na mgonjwa asiambiwe kwanza asubiri mjomba alipwe fedha za mnada wa korosho. Majokofu ya chanjo za watoto, ya nyuzi 2 hadi 8, yapo tayari. Tena tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hii ichomwe kwenye kidonda tu, siyo tena inayobaki ipelekwe pajani, kwa hiyo kichupa kimoja kinaweza kuwatosha watoto zaidi ya mmoja.

Muuguzi mstaafu,
Kitangari, Newala, Mtwara