Risala ya Kikundi cha Wachoraji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walezi wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanakikundi tunakushukuru kwa kukubali kutufungulia maonyesho haya ya nakala za michoro ya mchoraji Mwingereza Ronald Searle, aliyoichora akiwa mateka katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Searle alizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1920. Alikuwa askari wa kikosi cha wahandisi, kijana wa miaka 21, Singapore ilipoangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942. Alifungwa Changi, kambi ya mateka hukohuko Singapore, na mwaka 1943 akapelekwa Thailand pamoja na mateka wenzake kujenga reli ya kwenda Burma (Myanmar ya leo), yenye urefu wa kilomita 415. Mateka zaidi ya 12,000 walifia kwenye ujenzi huo. Vibarua wa Kiasia waliokufa walikuwa wengi kuwazidi, ingawa hutajwa kwa nadra, nasi tumeona si haki kuwapita kimya.

Huko, akiugua malaria na beriberi, ugonjwa wa upungufu wa vitamini, akipigwa na kushinda na njaa, Searle aliendelea kuchora kwa siri: wenzake wakivunja miamba, walinzi wao, na wagonjwa waliokuwa wakikata roho. Angekamatwa na michoro hiyo, yangemkuta makubwa. Kwa hiyo aliificha chini ya magodoro ya wagonjwa wa kipindupindu, kwa kuwa walinzi waliogopa kuambukizwa na hawakuthubutu kuwasogelea. Tunaomba utafakari jambo hilo, Mheshimiwa: mtu amelala, mwili unamwishia maji, hana nguvu hata ya kujigeuza, na chini ya mgongo wake zimo karatasi zenye sura za wenzake. Kwetu sisi, wagonjwa wale ni wabia wa kazi hii sawa na aliyeshika kalamu, na ndiyo maana tumewatanguliza katika maelezo tuliyobandika mlangoni.

Searle alikombolewa mwaka 1945. Michoro ipatayo 300 ilisalimika, na leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Imperial War Museum, London.

Ombi letu kwako ni moja. Maonyesho yakimalizika, nakala hizi hazina pa kukaa ila ndani ya makasha. Tunakuomba utusaidie kupata ukuta wa kudumu, ili michoro iliyofichwa kwa shida namna ile isifichwe tena.

Baada ya kusema hayo, tunakukaribisha ukate utepe.

Tunaomba kuwasilisha.