Ufukwe mmoja una daraja zaidi ya moja

Mhariri,

Orodha yenu ya fukwe za kuteleza mawimbini kwa ubao katika bahari za joto imempa kila ufukwe daraja lake: huu wa wanaoanza, ule wa waliozoea, mwingine wa mabingwa. Sisi tunaofundisha mchezo huu tunaziona orodha za namna hiyo mikononi mwa wanafunzi wetu, na tunaandika kwa sababu zinaweza kumpeleka mtu pabaya hata kama hakuna jina lililokosewa. Daraja la ufukwe hutokana na mambo manne: umbo la sakafu ya bahari, kujaa na kupwa kwa maji, mawimbi yanayofika siku hiyo, na upepo. Yakibadilika hayo, ufukwe uliomfaa mwanafunzi asubuhi unaweza kumvunja shingo jioni.

Tuanze na sakafu, maana hapo ndipo orodha yenu imerahisisha mno. Mmeandika kwamba mchanga ni wa wanafunzi na mwamba ni wa mabingwa. Zicatela, katika mji wa Puerto Escondido nchini Mexico, ni mchanga mtupu, na ni miongoni mwa fukwe zenye mawimbi mazito kuliko zote duniani, kwa sababu maji ya kina kirefu yapo karibu na nchi kavu na wimbi linafika likiwa na nguvu zake zote. Waikiki, huko Hawaii, chini ni matumbawe na miamba, lakini watu wengi mno wamesimama juu ya ubao kwa mara ya kwanza hapo. Mwamba wa Waikiki ni mpana na unapanda taratibu, hivyo wimbi hupoteza nguvu kidogo kidogo kabla ya kuwafikia.

Kinachotakiwa kuulizwa kwanza, basi, ni mteremko. Kwa kawaida wimbi huvunjika likifika kwenye kina kinachokaribia mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita 1 litavunjika penye maji ya mita 1.3 hivi. Sakafu ikiinuka polepole, kilele humomonyoka na kuwa povu linaloteremka usoni mwa wimbi bila haraka, na mwanafunzi anapata nafasi ya kusimama. Sakafu ikiinuka ghafla, sehemu ya chini ya wimbi inakwama huku kilele kikiendelea mbele, na wimbi linajikunja na kuangusha maji yake yote kwa mpigo. Hivyo ndivyo ilivyo Teahupoo, Tahiti, palipofanyika mashindano ya mchezo huu ya Olimpiki ya mwaka 2024: mwamba unapanda kutoka kina kirefu kwa umbali mfupi mno.

Mteremko unaweza kupimwa bila kifaa chochote. Nenda wakati maji yamekupwa. Ukikuta mchanga tambarare, mpana, na maji yanafika kiunoni baada ya hatua 30 au 40, mteremko ni mpole. Ukiingia hatua tatu na maji yako kifuani, ni mkali. Na ukiona mawimbi yanavunjikia ukingoni kabisa, juu ya mchanga unaokaribia kuwa mkavu, usimpeleke anayeanza hapo hata kama mawimbi hayazidi magoti. Ubao ukizamisha pua, mtu anatangulia kichwa kwenye sentimita 20 za maji.

Jambo la pili ni maji. Pwani ya Pasifiki ya Costa Rica, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3 siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Upande wa Karibi wa nchi hiyo hiyo haifiki hata nusu mita. Kwenye ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, tofauti ya mita 3 inausogeza ukingo wa maji mita 150. Fungu la mchanga lililokuwa likivunja mawimbi taratibu linafunikwa, mawimbi yanapita juu yake, kisha yanavunjikia kwenye mchanga wa juu wenye mteremko mkali. Kwenye mwamba kawaida ni kinyume chake: maji yakijaa unakuwa na maji ya kutosha ya kukupokea ukianguka, yakikupwa matumbawe yanakuwa sentimita chache chini ya ubao. Kumbukeni pia kwamba maji hayatembei kwa mwendo mmoja. Pale yanapojaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu nusu ya mabadiliko yote hutokea katika saa ya tatu na ya nne ya kujaa au kupwa. Somo la saa mbili lililoanza vizuri linaweza kuishia kwenye ufukwe mwingine kabisa, na hakuna aliyehama.

Jambo la tatu ndilo linalowapotosha wengi, hata wenye miaka kadhaa majini. Utabiri hutoa kimo cha mawimbi na pia sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Watu husoma kimo na kuziruka sekunde. Mita 1 kwa sekunde 8 na mita 1 kwa sekunde 16 ni bahari mbili tofauti. Katika maji ya kina kirefu, urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele ni takriban 1.56 mara sekunde mara sekunde: wimbi la sekunde 8 lina mita 100, la sekunde 16 lina mita 400. Wimbi huanza kuihisi sakafu kwenye kina cha nusu ya urefu huo, kwa hiyo la kwanza linaigusa kwenye mita 50, la pili tangu mita 200. Hilo la pili hupindishwa na kukusanywa na kila bonde na mgongo ulio chini ya bahari, na likifika penye maji madogo huinuka juu zaidi ya namba iliyotabiriwa. Kisha kuna hatari ambayo namba haisemi. Mawimbi ya sekunde nyingi huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inaweza kutulia dakika 15 au zaidi. Anayeanza anafika wakati wa utulivu, anaona ziwa, anaingia.

Kimo chenyewe nacho kina utata. Huko Hawaii wengi huhesabu kwa desturi ya zamani inayotoa karibu nusu ya uso wa wimbi unaoonekana kwa mbele. Wakisema futi 4, tarajia uso wa futi 7 au 8. Orodha inayochanganya vipimo hivi viwili bila kusema ni kipi inampa msomaji nusu ya ukweli.

Upepo hauna mengi. Umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda baharini, hunyoosha uso wa wimbi. Jua likipanda, upepo wa baharini unaingia na kuyavuruga maji. Kwa fukwe nyingi za joto, saa bora ni tangu kupambazuka hadi saa tatu au nne asubuhi. Angalizo moja: upepo mkali wa kutoka nchi kavu unampendeza bingwa, lakini humsukuma mwanafunzi mwenye ubao mkubwa mbali na ufuo.

Kwa hiyo tungependekeza daraja ziandikwe kwa masharti. Anayeanza anahitaji mchanga, mteremko mpole, maji kati ya kiuno na kifua, mawimbi ya sentimita 30 hadi 60 kwa sekunde 7 hadi 10, na povu lililokwisha kuvunjika. Ubao wake uwe laini, wa futi 8 au 9, na kamba ya mguuni isipungue urefu wa ubao. Aliyevuka hapo, anayeweza kushika wimbi ambalo halijavunjika na kugeuza ubao ulale ubavuni mwa wimbi, anafaa kwenye rasi ambapo wimbi huvunjika kwa mpangilio kuelekea upande mmoja, likiwa kati ya kiuno na kichwa, na penye mlango wa maji ya kina wa kutokea bila kupigwa. Kwake huyu, rasi nzuri ni rahisi kuliko ufukwe wa mchanga wa mita moja na nusu unaovunjika kila mahali. Mwamba wenye maji madogo ni wa anayeweza kuzama na ubao chini ya wimbi, kusimama kwa kuchelewa bila kuanguka, na kuanguka bapa akiwa amelaza mwili, pasipo kutafuta chini kwa miguu. Mkwaruzo wa matumbawe usafishwe siku hiyo hiyo kwa sabuni na maji safi hadi chembe zote zitoke. Kwenye joto, kidonda kilichobaki na chembe huoza upesi.

Popote pawe, mtu asiingie kabla ya kutazama kwa dakika 20 hadi 30, ili aone angalau kundi moja kubwa likipita. Atafute mkondo unaorudi baharini: ukanda wa maji meusi zaidi, yaliyotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika, povu na mchanga vikisafiri kwenda nje. Hapo panaonekana salama kuliko kwingine, ndiyo maana wageni huingilia hapo. Mikondo hiyo kwa kawaida hupata nguvu maji yanapokupwa. Aliyechukuliwa asiuachie ubao, apige kasia kwa mikono sambamba na ufuo mpaka afike yanapovunjika mawimbi, kisha arudi nayo. Karibu na midomo ya mito, baada ya mvua kubwa, ni heri kusubiri siku kadhaa: maji machafu huleta maradhi, magogo hayaonekani, na katika baadhi ya nchi mamba hushuka na mto.

Tunaomba basi, Mhariri, mtakapochapa orodha hiyo tena, kando ya kila jina muweke vitu vitano: sakafu na mteremko, hali ya maji inayofaa, kimo pamoja na sekunde ambazo zikizidi daraja linapanda, mwelekeo wa upepo mzuri, na miezi. Miezi msiisahau. Weligama, kusini mwa Sri Lanka, hufaa wanafunzi kati ya Novemba na Aprili. Pwani ya mashariki ya kisiwa hicho, pale Arugam Bay, msimu wake ni takriban Mei hadi Septemba. Na kwa Puerto Escondido msiandike jina la mji peke yake. Andikeni Carrizalillo kwa wanaoanza, La Punta kwa waliozoea, Zicatela kwa mabingwa, maana mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka La Punta hadi Zicatela bila kujua kwamba amevuka mpaka.

Wakufunzi wa kuteleza mawimbini