MALALAMIKO: Tablo (picha ya kuchorwa) ya mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, iliyokatwa saini ya mchoraji, na tablo mbili zilizotundikwa kinyume cha makubaliano

Lubumbashi, tarehe 18 Novemba

Kwa Bwana Mkurugenzi wa nyumba ya kadri (fremu za picha)
Nakala: Mkuu wa karakana ya kadri

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Fakture (ankara) unayo, bonde komande (hati ya oda) unayo, na yaliyochapwa nyuma ya fakture unayajua kuliko mimi: kazi ya mteja haikatwi, haikunjwi wala haibadilishwi kipimo kabla mteja hajatia saini. Kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mmekata tablo yangu. Mmeikata upande wa chini, sentimita tatu za mchoro pamoja na ukingo wake, na ndani ya sentimita hizo tatu ndimo lilimokuwa jina la mchoraji na mwaka 1974. Nilipouliza kwa adabu kipande kiko wapi, kijana wa kaunta aliinama, akakitoa kwenye katoni ya takataka chini ya meza, akajifutia kidole chenye gundi juu yake, akakitupa mbele yangu na kusema: «Mama, hii ni gunia ya unga tu. Jina tutakuandikia na fetri.»

Nitayarudia maneno hayo ya gunia na fetri, ile kalamu ya wino mzito. Kwanza kazi yenyewe, maana najua mtajitetea kwamba ilikuwa bahati mbaya ya mkono wa fundi mmoja.

Niliagiza tablo tatu za kukaa juu ya kanape (sofa) ya sentimita 210. Katikati mamba muntu, upana 70 na kimo 45. Pembeni picha mbili zilizochapwa kwenye turubai, moja ya bomba la moshi la kampuni ya migodi Gécamines na terili yake (kilima cha mabaki ya madini), nyingine ya mijakaranda, kila moja upana 35 na kimo 45. Nafasi ya sentimita 5 kati ya tablo na tablo. Jumla 150, yaani zaidi kidogo ya theluthi mbili za kanape. Zikipungua sana hapo, tablo zinaelea peke yake ukutani. Zikizidi upana wa kanape, saluni (sebule) nzima inalemewa. Vipimo vyote vimeandikwa kwenye bonde komande kwa mkono wa mfanyakazi wenu.

Tablo ya katikati niliileta imezungushwa kwenye bomba pana la katoni, rangi ikitazama nje, kwa sababu rangi ya zamani ikizungushwa kwa ndani inabanwa na kupasuka. Ilikuwa na ukingo usiochorwa wa sentimita tatu kila upande. Shasi yenu, fremu ya mbao ya kuvutia kitambaa, ina unene wa sentimita mbili. Kitambaa kikishapita ubavuni kinabaki sentimita moja tu nyuma pa kushika agrafe (pini za stepla), na hiyo haitoshi. Dawa yake inajulikana: unabandika ukanda wa pamba mpya nyuma ya kila ukingo kwa gundi inayoweza kutolewa baadaye, halafu ukanda ndio unaovutwa na kupigwa agrafe, kazi ya mchoraji haiguswi. Mliandika wenyewe «kuongeza ukanda» na mkanitoza dola 15. Ukanda haukuongezwa. Karakana ilichukua shasi iliyokuwa rafuni tayari, ya 66 kwa 40, ikaikalisha tablo juu yake, ikakunja sentimita mbili za mchoro kulia na kushoto, ikakunja mbili nyingine chini, ikapiga agrafe ubavuni badala ya nyuma, na kilichobaki chini ikakipitishia kisu. Ncha ya mkia wa mamba muntu sasa iko ubavuni mwa shasi. Saini ilikuwa takatakani.

Na tablo ya kimo cha 40 katikati ya mbili za kimo cha 45, hata mtoto akiingia ataona kuna kasoro.

Shasi yenyewe ni ya ekaliptusi mbichi. Mbao isiyokauka hujipinda inapokauka ndani ya nyumba, na hii imeshajipinda: pembe ya juu kulia imesimama mbali na ukuta, nyingine tatu zimeugusa. Nimepima mishazari miwili, haikulingana. Tofauti ni karibu sentimita moja, maana yake pembe za shasi hazikuwa mraba tangu siku ya kwanza. Uso wa mbele haukuchongwa mshazari. Ubao wa shasi unapaswa kuteremka kuelekea ndani ili kitambaa kiguse ukingo wa nje pekee. Wenu ni bapa, kitambaa kinalalia mbao yote, na mstari wa mbao umeanza kujichora kwenye rangi pande zote nne. Kabari za pembeni hakuna hata moja. Zinatakiwa nane, mbili kila pembe, ili mvua zikianza na kitambaa kikalegea, uzigonge kidogo na kukikaza bila kung'oa agrafe. Mtu anayeuza shasi mjini hapa, penye miezi mikavu kabisa tangu Mei na mvua nzito tangu Novemba, halafu haweki kabari, anauza nini?

Picha mbili za kuchapwa ndizo zilitangulia kufika nyumbani, pamoja na fundi wa kutundika. Hapo pia mnisikilize.

Picha inayozungushwa kwenye shasi inahitaji nyongeza ya sentimita nne au tano kila upande nje ya sehemu itakayoonekana. Kama picha haina nafasi hiyo, ubavu unachapwa kwa kugeuza ukingo wa picha kama kwenye kioo, au unapakwa rangi moja. Ninyi mlichapa bila nyongeza yoyote, mkakunja picha yenyewe. Bomba la moshi, alama ya mji huu, halina ncha: ncha imelala juu ya shasi, inaonekana na aliye juu ya ngazi tu. Tena mlivuta turubai kabla ya kuipaka verni (vanishi). Wino wa maji ukivutwa bila verni hupasuka kwenye mikunjo, na pembe zote nne za picha ya mijakaranda zina nyufa nyeupe. Mkazifunga uso kwa uso bila karatasi katikati, na rangi ya zambarau ikaachwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole.

Fundi wenu alikuja bila nivo (pimamaji) na bila mashine ya kutoboa. Alikuja na nyundo na misumari ya sentimita nne. Kuta za nyumba zetu ni matofali ya kuchoma chini ya lipu. Msumari mfupi unashika lipu, haufiki kwenye tofali kwa kiasi cha kutosha, na lipu inabomoka polepole hadi tablo ianguke usiku. Kinachotakiwa ni tundu la milimita 6, shevi ya plastiki (inayobana skrubu ndani ya tundu) na skrubu, mbili kwa kila tablo ili isiyumbe kila mlango unapofungwa. Alipiga msumari mmoja katikati. Nilipomkatalia, akapendekeza zile ndoano za kubandika kwa gundi, juu ya ukuta wa chokaa! Gundi hiyo inashika unga wa chokaa, haishiki ukuta; vinashuka vyote pamoja.

Na kimo. Mgongo wa kanape una sentimita 85. Ukingo wa chini wa tablo unakaa sentimita 15 hadi 25 juu yake, niliagiza 20. Hesabu ni fupi: 85 na 20 ni 105, ongeza kimo cha tablo 45, unapata 150 ukingo wa juu, pete za nyuma ziko sentimita 8 chini ya ukingo wa juu, basi skrubu zinaingia kwenye 142. Yule alitundika hadi katikati ya tablo pakafika 175, zaidi ya nusu mita juu ya kanape, akisema tablo lazima ionekane na mtu aliyesimama mlangoni. Kwenye ukuta mtupu, ambako watu wanapita wima, katikati ya tablo panawekwa 145 hadi 150, si 175. Juu ya kanape, kanape ndiyo inayoamua. Hakuweka vizibo vya nyuma pia, vile vipande vidogo vya koki (gome la vizibo vya chupa) au mpira vinavyoacha hewa ipite kati ya turubai na ukuta. Ukuta wa nje ukilowa kwa mvua, turubai iliyoulalia inaota ukungu kwa nyuma, na mwenye nyumba anagundua umeshatokea mbele.

Haya yote, Bwana Mkurugenzi, yanarekebishika. Picha zinachapwa upya, matundu yanazibwa. Ndiyo maana narudi kaunta, kwa sababu ya kaunta hayachapwi upya.

Nilisema hivi, na waliokuwa wakingoja nyuma yangu walisikia: «Papa, tafadhali, saini ya mchoraji ilikuwa hapa chini. Iko wapi?» Sikupaza sauti. Kijana alitazama tablo, akatazama mwenzake, akacheka. Kisha akainama. Katoni ilikuwa na agrafe zilizopinda, vipande vya plastiki na maganda ya karanga. Akavuta ukanda wangu kutoka humo. Kidole chake cha shahada kilikuwa na gundi nyeupe ya mbao, akakifuta polepole juu ya ukanda, upande wa rangi, juu ya tarakimu za mwaka. Alikuwa na kitambaa cha kufutia pembeni yake! Akautupa kwenye kaunta. «Mama, hii ni gunia ya unga tu. Jina tutakuandikia na fetri.» Msimamizi wenu wa duka aliinua uso kutoka kwenye simu, akaniona, akaona ukanda, akarudi kwenye simu yake. Hakuna aliyesema samahani. Hakuna aliyesema «pole, mama», neno ambalo hapa Lubumbashi hata mpita njia anakupa ukijikwaa.

Gunia ya unga. Ndiyo, ni gunia ya unga. Wachoraji wa mji huu katika miaka ya 1970 walichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, wakikivuta kwenye shasi na kukipaka rangi ya msingi kabla ya kuanza. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hii kwenye kitambaa hichohicho, na tablo zake leo zinatunzwa katika makumbusho ya Amsterdam. Kabla yao, tangu 1946, Pierre Romain-Desfossés alikuwa na karakana yake ya Hangar hapahapa, walimotoka wachoraji Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Nyumba ya kadri ya Lubumbashi isiyojua kwamba tablo bila saini na mwaka imepoteza nusu ya ushahidi wake, ifunge milango. Mamba muntu zilikuwa kwenye saluni nyingi za Katuba, Kenya na Kamalondo, mitaa ya mji huu. Zilizobaki na jina na mwaka juu yake ni hazina, na hii ilikuwa mojawapo hadi ilipoingia kwenu.

Ninachodai ni haya. Mnirudishie dola 75 za shasi na ukanda wa tablo ya katikati. Picha mbili mzichape upya kwa nyongeza ya ukingo na verni, mzitundike kwa vipimo vilivyoandikwa, kwa shevi na nivo.

Mlipie pia kazi ya kuirudisha mamba muntu katika hali yake: agrafe zitolewe moja moja, mikunjo ilainishwe chini ya uzito, ukanda uunganishwe tena kwa kitambaa chembamba cha nyuma na gundi inayotoka, tablo yote ivutwe kwenye shasi ya 70 kwa 45 ya mbao kavu, yenye mshazari na kabari nane. Mtu wa kuifanya nitamchagua mimi. Karakana yenu haitaigusa tena. Ukanda ninao, umelala kati ya karatasi mbili safi, na alama ya gundi iko palepale kwenye tarakimu.

Nimeambiwa vilevile kwamba picha ya tablo yangu, ikiwa kwenye shasi yenu ndogo, imebandikwa kwenye kioo cha mbele cha duka kama mfano wa kazi nzuri. Sikuwapa ruhusa. Iondolewe leo. Na kwa kuwa mmeitumia kujitangaza huku saini yake ikiwa ndani ya maganda ya karanga, sidai tena dola 75: nadai zote 185, shasi, ukanda, picha mbili na utundikaji, pamoja na fidia ya thamani iliyopotea, itakayokadiriwa na mtu anayejua uchoraji wa Katanga, kwa gharama yenu.

Nataka pia barua ya kuomba radhi, yenye muhuri na saini yako wewe mwenyewe, si ya msimamizi wa duka, ikitaja maneno yaliyosemwa kaunta kama yalivyosemwa.

Nilikusudia kuwapa siku kumi na tano. Nikikumbuka kile kidole, nawapa nane kuanzia siku mtakayotia sahihi ya kupokea barua hii. Zikipita, faili hii na picha za kila pembe, kila ufa na ule ukanda zinakwenda kwa wakili na Mahakama ya Biashara, na nakala zinakwenda kwa kila mchoraji na kila mwenye tablo ninayemfahamu katika mji huu. Ninawafahamu wengi, na baadhi yao kazi zao ziko kwenye rafu zenu wiki hii.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Kwa heshima,

Mteja wenu wa fakture iliyoambatanishwa

Viambatanisho: nakala ya fakture pande zote mbili, nakala ya bonde komande, picha za tablo kabla na baada ya kukatwa, picha ya ukanda